Nyufa Alizozifuta Zahran

Nada, upo? Leo nimemuumbua mtu mkutanoni, na sijuti.

Ile orodha ya majumba mabovu ya Mji Mkongwe, unajua mimi na Zahran tunaiandika pamoja kwenye kompyuta za ofisini. Leo Bi Bahiya, mkuu wetu, kaifungua mkutanoni. Nyumba moja ya mtaa wa Kajificheni, wanaishi familia nne, imeandikwa "nzima". Mimi niliandika "ina nyufa mpaka msingini, watu wahamishwe".

Bi Bahiya akaniuliza, "Shadya, wewe hukwenda kuiangalia?"

Zahran akanijibia. "Huyu hakuandika kitu."

Hakuandika kitu, Nada. Na kakaa ubavuni mwangu.

Nikainuka, nikashika mausi mwenyewe. Programu ile tunayoandikia orodha inaweka kila toleo pamoja na jina la mwandishi na saa. Nikawaonyesha langu la Jumatatu. Halafu lake la Jumanne: kompyuta ilimwambia maandishi yetu yanapingana, achague. Kachagua yake, kafuta yangu. Na nyumba yenyewe hajaikanyaga.

Zahran akasema, "Haya si ya kusemwa mbele ya watu."

Nikamwambia, "Kunifuta ulinifuta kimyakimya. Lakini uongo umeusema mbele ya watu, na jibu lake utalisikia papa hapa."

Bi Bahiya karejesha maneno yangu, katia saini. Kesho zile familia zinaanza kuhamishwa.

Baadaye kaniita faragha, ati nimuombe Zahran radhi kwa kumuaibisha.

Nikamwambia, "Radhi ntawaomba wale waliolala ndani ya nyumba ile siku zote hizi bila ya kujua. Zahran nimuombe ya nini?"