Mshale Wenye Alama Yako

Nyae Nyae,
Mwezi wa Saba, 1998

Kwa kaka yangu Kxao,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Nakusalimu wewe, nakisalimu na kifua chako kile kilichokuwa kinakusumbua, na hao unaolala nao chumba kimoja huko shambani, ingawa siwajui. Sisi tupo. Nikikuandikia kwamba hatujambo kabisa utajua nadanganya: mvua ilinyesha kidogo, goti langu la kulia halitaki tena kuchuchumaa, na mama mkwe wangu anakohoa usiku kucha. Lakini tangu uondoke hatujazika mtu, nalo ni jambo la kushukuru. Barua hii anakuletea mwalimu, maana anakwenda mjini Grootfontein kuchukua vitabu.

Ndani ya bahasha utakuta mkufu wa shanga za yai la mbuni. Umetoka kwa mkeo, Bau. Nakuomba usiuvae kwanza. Soma mpaka mwisho.

Habari kubwa ni kwamba tumekula pofu, yule swala mkubwa kuliko wote. Niliwakuta watano ukingoni mwa lile bwawa kavu unalolijua, upepo ukinipiga usoni, na mmoja wao dume mnene, shingo inaning'inia kama ya ng'ombe wa tajiri wako. Nilitambaa hadi kwenye kichuguu, goti likinitukana njia nzima. Hapo nikachomoa mishale yangu, nikailaza mchangani nichague.

Ilikuwa sita. Miwili ya kwangu, matete yake yamenyooka vizuri, lakini sumu ilikuwa ya tangu mwaka jana, imekauka na kupasuka. Sumu kama ile ingemtesa tu yule dume, akafie mbali huko awe karamu ya fisi. Mitatu ilikuwa ya somo yangu, mzee Dabe niliyepewa jina lake. Wewe wajua mikono yake: hakuna kambi yenye mtu anayefunga mshale kama yeye, hata sasa ambapo miguu imemkataa na kazi yake ni kukaa kivulini akigonga waya uwe vigumba. Sumu yake ilikuwa nzuri pia. Lakini wanyama wawili waliotangulia niliwaangusha kwa mishale yake, na mara zote mbili ilibidi yeye ndiye agawe nyama, huyu akilia amepewa mfupa, yule akinuna siku tatu. Mara ya mwisho alinishika mkono akaniambia, "Somo, niache nipumzike. Ukiniua kwa nyama zako, nani atakutengenezea mishale?" Ni kweli. Mwenye mshale ndiye mwenye nyama, na mwenye nyama ndiye mwenye lawama.

Wa sita ulikuwa na alama yako, mistari miwili ya kuchoma na nukta moja. Tete lake jepesi, kigumba cha waya wa uzio kimenolewa chembamba, sumu haijamaliza siku kumi. Nikauchagua huo. Uliingia nyuma ya mbavu, dume akaruka, tete likachomoka likaanguka kama lilivyotengenezwa lianguke, kigumba na sumu vikabaki ndani. Nikaliokota. Nikaiachia sumu kazi yake, nikarudi nyumbani nikakaa peke yangu bila kula, na watu walipoona hivyo wakaelewa kwamba nimepiga mnyama. Kesho yake, jua likiwa utosini, tulimkuta amelala chini ya mgunga.

Wanaume wenzangu hawakunionea huruma. Wakaniuliza kama nimewatembeza jua lote lile kwa ajili ya kisungura, na kama ngozi ile ina kitu ndani au ni mbeleko ya mwanamke iliyosahauliwa. Nami nikajibu inavyompasa mwindaji asijivune, kwamba kweli hana kitu, tumwachie fisi twende tukachimbe mizizi. Tulicheka mpaka tukashindwa kunyanyua visu. Nilichoka, kaka, lakini hapo nilifurahi.

Jioni tete likapelekwa kwa somo yangu ili wote waone ni nyama ya nani. Akalishika, akatazama alama. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya ukano uliofunga shingo ya tete, akakipitisha tena. Mwisho akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huyu Kxao amezeeka huko mashambani. Mshale wa ovyo, na nyama yenyewe ngozi na mifupa. Haya, mkewe agawe kabla inzi hawajatumaliza."

Ungemwona Bau! Alisimama katikati, akakata, akaita majina, akawakemea waliosogea kabla ya zamu yao. Alianza na mama yetu, kama inavyostahili. Aliponifikia mimi alinikabidhi mbavu chache, akasema nisijivune, kwamba nilichofanya ni kumbebea mumewe mshale tu, na punda naye hubeba. Watu wakaangua kicheko. Wanao wawili walikuwa wakipeleka nyama nyumba kwa nyumba, na kila nyumba waliambiwa, "Mwambieni baba yenu nyama yake imefika." Siku ile jina lako liliitwa mara nyingi kuliko mwaka mzima.

Sasa kaka, nisikilize, maana hili ndilo nililokalia kuandika, na nimelizunguka kama mtu anayezunguka nyoka.

Wewe hujatuma mshale hata mmoja. Mishale uliyoniachia ilikwisha kiangazi cha kwanza. Wa mwisho uliondoka na tandala ambaye hatukumpata. Baada ya hapo Bau akawa mtu wa kupewa tu, kila siku kupewa, na wewe wajua jinsi anayepewa tu anavyoanza kukaa pembeni ya moto. Watu wakaanza kusema, "Kxao alikuwa hivi, Kxao alikuwa vile," nawe u hai. Nilishindwa kuvumilia. Nilitengeneza mshale, nikauchoma alama yako, nikasema umeutuma kwa gari la mwalimu. Kisha nikatengeneza mwingine. Choroa wa mwaka jana alikuwa wako, na pofu huyu ni wako. Wala usidhani ni wema mtupu. Nilikuwa nimechoka kulaumiwa na nikaona lawama zangu nikubebeshe wewe uliye mbali, usiyesikia.

Ule wa mwaka jana nilijitahidi. Wewe ni wa mkono wa kushoto na ukano wako huzunguka kushoto, nami niliuzungusha hivyo, vidole vikinikataa. Huu wa safari hii niliufunga nimechoka, mkono ukaenda ulikozoea, kulia. Hilo ndilo lililogunduliwa na kidole cha somo yangu. Siku ya pili alinikuta nimekaa peke yangu. Alitoa kipande cha ukano, akakifunga kwenye kijiti taratibu, kushoto, kushoto, akaniwekea gotini, akaondoka na fimbo yake.

Yeye hatasema. Lakini Bau aliomba lile tete. Ameliweka ndani, juu, pale alipokuwa akiweka nguo zako. Aliniuliza kama ni kweli umelikata mwenyewe, nikasema ndiyo. Aliniuliza kama uliufunga ukano huo ukiwa mzima wa afya, nikasema ndiyo. Kisha akakaa mwezi mzima akisugua maganda ya mayai ya mbuni kwenye jiwe, na mkufu ulio ndani ya bahasha hii ni jibu lake kwa mshale ule. Ni zawadi ya kujibu zawadi ambayo hukuitoa, nami ndiye niliyeipokea kwa niaba yako nikashindwa kumtazama usoni.

Nimechoka kuwa watu wawili, kaka. Sikuiti urudi, kwa sababu sijui kinachokuweka huko na sina haki ya kuuliza. Ila shanga hizo zinadai. Tengeneza mshale mmoja, hata ukipinda, hata tete la huko likiwa bovu, na ufunge ukano kwa mkono wako. Mpe mwalimu akirudi. Sitautumia kupiga mnyama. Nitampelekea Bau, nimwambie kwamba ule ulio juu ni wangu. Na kama huwezi, urudishe mkufu humu humu kwenye bahasha, nami nitamweleza mimi mwenyewe.

Mama anakusalimu, wanao wanakusalimu, somo yangu anasema bado unamdai tumbaku na hatakulipa. Lala vizuri huko uliko.

Mdogo wako,
Dabe