Loki ya Gurudumu la Kulia

Shemeji Maduhu,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, lakini kwetu mtu haanzi maneno bila salamu, hata na aliyelala chini ya udongo.

Mvua zimeanza tena. Bariadi ni tope tupu, na njia ya Mwandoya imekatika mara mbili wiki hii. Kampuni imeleta Landikruza nyingine na dereva mwingine, kijana wa mjini anayevaa miwani ya jua hata kukiwa na mawingu. Juzi tulifika kwenye korongo lililojaa, akataka kuingia tu hivihivi. Nikamwambia ashuke apime maji kwa miguu na fimbo, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Akacheka: "Mzee, wewe ni karani. Dereva ni mimi." Nikamwambia basi mimi nashuka na dawa zote za pamba. Akasimama. Nikashuka mwenyewe, nikafunga loki ya gurudumu la mbele la kushoto, ile inayolifanya livute, nikazunguka, nikafunga ya kulia. Nikairudia hiyo ya kulia kuikagua mara ya pili na ya tatu, mpaka akaniuliza kama nina homa.

Sina homa, shemeji. Nina jambo nimelikalia tangu ulipokufa, na limeniozea tumboni.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Dada yangu Minza alijifungua salama, mtoto wa kike, mvua ikipiga bati. Wazee wakasema huyo ni Kabula, kama mtoto yeyote wa kike anayezaliwa na mvua. Dada yangu akakataa katakata. Akasema ndani ya nyumba yake halitaitwa jina lenye mvua. Kamwita Neema. Ana macho yako, na akicheleweshwa ziwa anakunja uso kama wewe ukiona gari halijaoshwa. Minza anampenda sana. Ila wewe hataki kusikia ukitajwa. Aliniambia, "Kaka, mtu aliyejua mimba yangu ina miezi saba akaenda kulewa na kuingia mtoni, nimlilie wa nini?"

Kulewa! Wewe, uliyekuwa ukikataa hata togwa ukiwa na safari!

Hayo ndiyo wanayosema, Maduhu. Baba yako anayasikia mnadani na anainamisha kichwa. Kampuni iliandika kuwa ni uzembe wa dereva, aliingia kwenye maji kwa kasi. Chini ya maneno hayo kuna sahihi ya shahidi. Ni yangu. Na mitaani "uzembe" haukuchukua wiki kugeuka "pombe." Nilisikia ukigeuka, nikanyamaza.

Sasa acha niseme ilivyokuwa, ingawa unajua.

Tulikuwa tunakimbizana na wenzetu. Zamani, enzi za ushirika peke yake, dawa ya pamba ilifika ilipofika. Tangu makampuni yaruhusiwe, atakayewahi kwa mkulima na dawa ndiye atakayepata pamba yake. Mimi ndiye niliyekusukuma tangu asubuhi: twende, shemeji, twende. Wewe ukanijibu lile neno lako, "Maji hayana haraka, mwenye haraka ni wewe."

Na hata hivyo ulifanya kila kitu. Ulivua viatu, ukavuka kwa miguu mpaka ng'ambo na fimbo yako, ukarudi. Maji yalikuwa chini ya goti. Ukaangalia mawingu kule juu mto unakotoka, ukasema magurudumu yote manne yakivuta tutakuwa ng'ambo kabla maji hayajaongezeka. Ukafungua boneti kulegeza mkanda wa feni, isije ikarushia injini maji. Kichwa kikiwa humo ndani ukaniambia, "Shemeji, nifungie loki."

Kazi ya mtoto. Kila gurudumu la mbele lina yake, unaizungusha kwa mkono, basi. Ulinifundisha mara ngapi kwamba bila hizo magurudumu ya mbele yanazunguka bure, na kwamba ukifunga moja tu ni sawa na hukufunga? Mara mia. Nilifunga ya kushoto. Ya kulia ilikuwa kwenye tope, na mimi nilikuwa na viatu vipya. Viatu, Maduhu! Nikajisemea moja itatosha. Nikapanda garini nikasema, "Tayari."

Katikati ya mto gari likazama nyuma kwenye mchanga. Ukasikiliza kidogo, ukasema, "Mbele hazivuti. Ulifunga zote?"

Nikasema, "Zote, shemeji."

Pale ningeweza bado kukuokoa. Ungeshuka mara moja, ungeizungusha, tungeondoka. Lakini uliniamini, ukaanza kutafuta kosa kwingine. Ukajaribu gia ya kurudi, ukajaribu tena kwenda mbele, na maji yanapanda mlango. Mimi nimekaa tu kama gunia. Niliona aibu kusema kwamba nimesema uongo. Mwishowe ukashuka upande wako, maji yamekufika mapajani, ukainama ukapapasa gurudumu. Ukainuka, ukanitazama kupitia kioo.

"Shemeji, hii ilikuwa wazi."

Hukunifokea. Ningependa ungenitukana. Uliinama tena ukaifunga, na hapo ndipo maji ya juu yalipofika, na magogo yake. Sikukuona tena. Mimi nilipanda juu ya paa, nikapiga kelele mpaka wachunga ng'ombe wakanirushia kamba. Wewe tulikupata siku ya tatu, umenaswa kwenye miiba.

Maji yalipopungua, askari na mkubwa wa kampuni walikuja kulikagua gari. Wakagusa loki ya kushoto, imefungwa. Wakagusa ya kulia, imefungwa. Wakasema basi gari halikuwa na kosa, kosa ni la dereva. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Kazi ya mwisho ya mkono wako ndiyo iliyofunika kosa langu, nami nikachukua kalamu nikasaini.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nalala naye kitanda kimoja.

Nisamehe, sijui kama unaweza. Lala, shemeji yangu. Hukulewa, hukuingia kwa kasi, hukukosea hata kitu kimoja. Barua hii sikuiandika niizike kaburini kwako wala niichome. Kesho baada ya ibada naipeleka kwa Minza, na nitakaa mbele yake mpaka amalize kuisoma. Halafu tutakwenda wote kwa baba yako, na nitayasema kwa mdomo wangu mbele ya wazee, wanifanye watakavyo. Naahidi. Neema akikua, atakayemwambia baba yake alikufaje ni mimi.

Naogopa, Maduhu. Naogopa jinsi dada yangu atakavyonitazama.

Mimi shemeji yako,
Ngassa