Kilichotokea Mbele ya Picha ya Milka

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Doha. Alhamisi, tarehe 22 Novemba 2012, saa tano na robo asubuhi.

Jina: Mwanahamisi Athumani Kilua
Umri: miaka 36
Uraia: Mtanzania, mzaliwa wa Muheza, Tanga
Kazi: mlinzi
Makazi: hosteli ya wanawake ya kampuni, Al Wukair
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani

Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Juzi Jumanne jioni nilitoa maelezo mafupi kwa askari aliyefika chuoni. Nilisema nilikuta mtu ameshaanguka. Hayo hayakuwa kweli, na naomba haya ya leo yashike nafasi yake.

Ninalinda mlango wa jengo la sanaa chuoni, huu ni mwaka wa tatu. Wiki hii chuo kina tamasha la filamu na sanaa la Wapolandi. Filamu zinaonyeshwa ukumbini, na chumba cha pembeni kimewekwa mabango na picha. Mpiga picha mmoja, mwanamke wa Kipolandi, alikuja tangu Oktoba akawapiga picha wafanyakazi wa chuo: wafagiaji, madereva, watu wa bustani. Mmoja wao ni Milka Kerubo, Mkenya, mhudumu wa chai. Picha yake ilitundikwa katikati ya ukuta, kubwa kama mlango. Amefunga aproni, anacheka mpaka macho yamefumba. Milka ni rafiki yangu. Alikuwa akipitapita pale kujitazama, nami nikimtania kwamba siku hizi hasalimii watu.

Mnamo tarehe 20 Novemba, saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, alifika mwanamume aliyejitambulisha kama Eugene Nyakundi, dereva, mkazi wa Al Wakrah. Alipita kwenye mashine ya ukaguzi, haikulia. Hakuja na kisu. Naomba hilo liandikwe. Alisema, “Habari ya kazi, dada. Nimekuja kuona picha ya bibi yangu, Milka.”

Nilijua Milka ana mume hapa Doha, na kwamba tangu Ramadhani hawaishi pamoja. Sababu hakuniambia, nami sikumchimba. Nilidhani mume amekuja kutafuta suluhu, nikafurahi. Nilimwandika kitabuni, nikamwonyesha chumba kwa mkono. Nikamwambia na Milka mwenyewe yumo humo, anapanga vikombe.

Saa kumi kamili filamu ilianza na milango ya ukumbi ikafungwa. Ilikuwa filamu fupi ya vita, ya nusu saa. Hata nje tulisikia milio ya bunduki na watu wakilia. Kama saa kumi na dakika ishirini nilisikia ukelele. Sikunyanyuka, nilidhani ni filamu. Ukelele wa pili uliniita kwa jina. “Mwanahamisi, ananiua.” Filamu ilikuwa ya Kipolandi.

Nilikimbia. Kutoka mlangoni hadi chumba kile ni hatua kama thelathini. Nilikuta picha imechanwa kutoka jicho hadi kidevu. Eugene alikuwa amemkandamiza Milka ukutani chini ya picha hiyo, mkono wa kushoto amemshika nywele. Mkono wa kulia alikuwa na kisu cha kukatia maboksi, cha mafundi waliotundika picha. Sanduku lao la vifaa lilikuwa wazi sakafuni. Shavu la Milka lilikuwa limefunguka, niliona meno kwa pembeni. Vidole viwili vilikuwa vinaning’inia kwa sababu alijaribu kukishika kisu. Eugene hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza njia, “Nani alikuruhusu ucheke hivi? Niambie ni nani.” Kila akiuliza, anakata.

Nilimwambia amwache. Alinielekezea kisu, akasema nikae mbali, hayo ni mambo ya nyumba yake. Kisha akamgeukia Milka, safari hii shingoni. Nilinyanyua nguzo fupi ya chuma, zile zinazoshika kamba watu wasisogelee picha, nikampiga mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Kisu kilianguka, Milka akakisukuma kwa mguu kikaingia chini ya meza ya chai.

Baada ya hapo alikuja Philipo Kamugisha, mlinzi mwenzangu, mtu wa Bukoba. Alininyang’anya nguzo. Mimi nilikaa sakafuni nikambana Milka shavu na kitambaa cha meza. Eugene alikuwa amelala kifudifudi, hasemi. Askari walipoingia walimkuta Philipo amesimama na nguzo mkononi, shati lina damu. Walimuuliza kama ni yeye aliyempiga. Philipo alinitazama, kisha akatazama chini. Walimfunga pingu wakaondoka naye. Watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka ukumbini, wengine bado wanapiga makofi.

Jana saa nane mchana nilimwona Milka hospitali. Hawezi kusema kwa sababu ya nyuzi alizoshonwa shavuni. Aliandika kwenye karatasi kwa mkono wa kushoto: “Usiseme. Wewe una watoto.” Jioni msimamizi wetu, Harun, alinifuata hosteli. Alisema, “Mwana, nyamaza. Philipo hana mke wala mtoto. Wewe una wanne. Akienda mmoja inatosha.” Nilinyamaza. Nililala, na nakiri kwamba usingizi ulikuja.

Leo saa moja asubuhi Harun alinipigia simu kuniambia Eugene amefariki, na kwamba kesi ya Philipo sasa ni ya kuua.

Kuna sehemu nimeiruka. Naisema sasa.

Kisu kilipoanguka, Eugene alipiga magoti, ameukumbatia mkono uliovunjika. Hakuwa na silaha. Hakumtazama Milka tena, alinitazama mimi. Alisema, “Dada, basi.” Nilimsikia vizuri, kwa sababu wakati huo filamu ilikuwa imetulia. Nilimpiga kichwani. Alianguka. Nikampiga tena pale pale. Pigo la tatu ningelipiga, ndipo Philipo akanishika.

Bwana afisa ameniuliza kwa nini nilimpiga baada ya kisu kuanguka. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira na nafsi yangu, maana mimi ndiye niliyemwonyesha alipo. Jibu jingine sina. Philipo hakumgusa mtu yule. Damu iliyo kwenye shati lake ilitoka mikononi mwangu.

Nimesomewa yote haya kwa Kiswahili. Ni maneno yangu, hakuna aliyenilazimisha.

(Saini) Mwanahamisi A. Kilua

Maandishi ya afisa: Maelezo yamechukuliwa nami, Luteni Rashid, yakafasiriwa na Ibrahimu Faki. Shahidi alionywa mara mbili kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake, akaendelea. Kabla ya kuweka saini aliuliza kama Philipo ataachiwa leo. Nilimjibu kwamba uamuzi huo si wangu, ni wa mwendesha mashtaka. Aliweka saini saa sita na dakika kumi. Hakurudi Al Wukair.