Shati la Mfuko wa Kulia

Molenbeek, 14 Januari 2008

Kaka Radjabu,

Assalaam alaykum. Nawauliza hali zenu nyote hapo Buyenzi. Mgongo wa mama umeachia, au bado anainuka kwa kushika ukuta? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haiko sawa, na leo sitakuficha.

Siku ya Idi mlinipigia simu mkaniambia mdogo wetu Lukman, aliyeondoka kuvuka bahari, kafika Hispania, kapata mzungu, katutupa. Eti ndiyo maana kimya. Shamimu, mkewe, mkamsema kashindwa kumshika mume, mpaka akabeba nguo zake akarudi kwao. Mie nikanyamaza kwa kuwa wewe ni mkubwa. Haya, sasa nisikilize.

Kazi yangu unaijua: nafunga manyoya ya ndege kwenye ndoana kwa uzi, yafanane na dagaa. Wanunuzi ni wakubwa wa maofisi ya serikali huku, mtaa wa Schuman. Wanasafiri mpaka pwani ya Sahara, mchanga mtupu hadi kwenye maji ya chumvi, wanavua. Na hawali! Wallahi hawali. Samaki akinasa wanapiga naye picha, halafu wanamshikilia majini taratibu mpaka pumzi imrudie, ndipo wanamwachia. Nilikuwa nacheka sana, nasema hawa watu wana raha zao.

Wiki iliyopita mteja mmoja, Monsieur Ghislain, alileta picha yake ili patron, mwenye duka, aibandike ukutani. Kakumbatia samaki, anacheka. Nyuma yake mashua imekwama mchangani, na ndani yake mti umesimamishwa, umefungwa shati kama bendera. Kitenge cha njano, ndege wa buluu, mfuko upande wa kulia. Nani mwingine anashona mfuko kulia, Kaka, kama si mama, kwa ajili ya Lukman, mtoto wake mashoto?

Nilimuuliza. Akasema, bon, mashua ile mashine ilizimika baharini, maji yakaisukuma hadi pale. Waliokuwemo walikuwa wameshakufa kwa kiu, wote, na askari wakawazika palepale. Yeye na wenzake wakasogea mbele kidogo wakaendelea kuvua, maana siku ilikuwa nzuri. Picha aliipenda kwa sababu ya rangi za lile shati.

Basi Lukman hakumtupa mtu. Nenda mwenyewe kwa kina Shamimu, umwombe radhi kwa mdomo wako, mbele ya walewale mliomsema nao. Arudi nyumbani kwa mumewe, akae eda kwa heshima yake. Na hitima isomwe.

Picha iko humu ndani. Mzungu na samaki wake nimewakata, nimebakisha shati. Mama ataijua kazi ya mkono wake. Lakini habari ya yule samaki, jinsi walivyomshikilia mpaka akapata pumzi, hiyo usimwambie.

Wasalimie wanao, na Mungu atupe subira.

Mdogo wako,
Rayhana