Baba Yako Hakufa Kitabuni

Kanazi, Ngara
9 Machi 2025

Mwanangu Jovitus,

Natumaini hujambo huko Nyakanazi. Sisi huku tupo. Bibi yako Restituta anakusalimu, kikohozi kimepungua ila magoti ndiyo yale yale. Dada yako Anneth anakusalimu, na mwanawe uliyemwacha akitambaa sasa anakimbiza kuku. Katekista Anastazi anakusalimu, anauliza kama huko unasali. Happy wa jirani anakusalimu, na huyo nitamsema hapa chini. Hata ng'ombe wa marehemu baba yako angekuwa na mdomo wa kusema angekusalimu, maana amezaa. Salamu zimeisha. Sasa kaa chini unisikilize.

Happy alikuja jioni tunachambua maharage, akasema, "Mama Jovitus, njoo uone, Jovitus ametokea kwenye simu." Nikashtuka, nikajua umegongwa, maana malori ya huko kwenu hayana huruma. Kumbe ni mchezo wa kompyuta. Milima ya matofali ya mraba, mto unapanda mlima badala ya kushuka, daraja la nguzo tatu, mnara umejaa nyuki, na sauti yako inaeleza kama padri anahubiri: hii ndiyo nchi ya Irunduma ya kwenye kitabu, tumeijenga kama ilivyoandikwa. Nikacheka. Kitabu chenyewe nakijua, kile cha jalada la bluu alichokuwa anakusomea baba yako kwenye mkeka wa kahawa.

Halafu nikaona nyumba yangu. We Jovitus! Ua wa minyaa, na pengo pale ndama alipopita. Mafiga. Mzinga wa baba yako juu ya mparachichi. Hata bati lililopinda umelipinda. Nikasema moyoni, mtoto huyu anatukumbuka. Kidogo ile picha ikazunguka nyuma ya nyumba, kati ya migomba, nikaona kaburi na msalaba. Unasema, "Hapa amelala mfuga nyuki."

Happy akanitazama. Mimi nikatazama maharage.

Hapo hajalala mtu, Jovitus. Hapo ni migomba tu. Ungejua kama ungekuja mwaka jana kumzika baba yako. Nyakanazi na hapa ni safari ya asubuhi, jua halijawaka umefika, na hukuja. Nguzo za daraja la nchi isiyokuwepo unazijua, kaburi la mzazi wako hujui lilipo! Na unamwekea msalaba mahali asipolala, unataka atangetange kama mbuzi aliyekata kamba?

Litoe kaburi hilo. Barua nampa Gaudence wa lori la ndizi. Nijibu.

Mama yako,
Domisiana

*

Nyakanazi
16 Machi 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Bibi naye shikamoo, pole ya magoti. Anneth hajambo? Mimi mzima.

Mama, umenivua nguo. Bahasha hukuifunga, na Gaudence ameisoma njia nzima. Kafika hapa dukani ninapotengeneza simu, wateja wamejaa, anaita, "Mfuga nyuki yupo? Mama yake anamtafuta!" Mpaka leo wananiita hivyo.

Kaburi sitalitoa. Kazi ile si yangu peke yangu. Tuko wanne, wengine wako Mwanza na Kigoma, kila mtu ana bonde lake, na sheria yetu ni kitabu. Kitabu kikisema nguzo tatu, hakuna wa kuweka nne. Maji ya mchezo ule hushuka tu kama maji yote, nimehangaika miezi mpaka mto ukapanda, kwa sababu imeandikwa unapanda. Na imeandikwa mfuga nyuki alizikwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Nyumba yenyewe haikuelezwa ikoje. Baba ndiye kila tukifika ukurasa ule alikuwa anaweka kidole anasema, "Hapa ni kwetu." Sikuzua mimi.

Na mazishi. Mama, si ulikuwepo? Nilipoacha chuo cha ualimu nije kwenye simu, baba alisimama mlangoni akasema, "Nikifa, mikono yako isiguse udongo wangu." Ulisikia. Bibi alisikia. Ningekuja nifanye nini, nisimame na mikono mfukoni wenzangu wanamwaga udongo, kilima kizima kinanitazama? Neno la baba si dimbwi la kuruka. Nilitii. Ni mtoto gani mwingine wa kilima kile aliyemtii baba yake namna hiyo? Halafu ndiye ninayeambiwa sina adabu.

Siku ile mnamzika nilifunga duka nikaanza kuijenga hiyo nyumba. Udongo wa mle hakunikataza.

Mwanao,
Jovitus

*

Kanazi
30 Machi 2025

Jovitus,

Marahaba. Bibi yako naye kasema marahaba, kwa shida, maana amekasirika kuliko mimi. Anneth mzima. Wote wazima.

Ulitii! Haya, nipige vigelegele? Wewe na baba yako mmechongwa kwenye jiwe moja, mmoja anasema ovyo, mwingine anashika ovyo.

Nani alikuambia neno la hasira linakwenda na mtu mpaka kaburini? Kwenye ukoo wa baba yako, mtu akimfungia mwanawe neno baya, analifungua kwa maji. Na baba yako alilifungua. Alikuwa hawezi hata kukaa. Tukamwinua mimi na Anneth, akaomba maji kwenye kibuyu, akayaweka mdomoni, akayatema juu ya jani la mgomba, akasema, "Neno nililomfungia Jovitus nimelifungua." Akachoka, tukamlaza. Wewe ulibakiwa na sehemu yako: unywe maji kwenye kibuyu kile kile, umesimama pale alipolala. Hapo ndipo linaisha. Kibuyu nimekifunika, hakuna mtu anayekinywea.

Nikakupigia uje, umebadilisha namba. Nikamtuma Gaudence, mwambie Jovitus aje nyumbani, mama ana neno. Ukamjibu nini? "Mwambie mama ninajua anachotaka kusema." Ulikuwa hujui! Hukuuliza! Na neno lenyewe halipiti kwenye mdomo wa utingo, wala kwenye simu, linasemwa macho kwa macho. Leo umenilazimisha kuliandika kwenye karatasi kama bei ya kahawa. Kalamu imetoboa karatasi, unapaona hapo.

Kitabu kinasema, kitabu kinasema. Baba yako hakufa kitabuni. Alikufa kwenye kitanda changu, anatazama mlango.

Mama yako

*

Nyakanazi
25 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Shikamoo bibi. Msalimie Anneth na mkimbiza kuku wake.

Nisamehe kwa kuchelewa. Niliisoma barua nikaifungia kwenye droo ya vioo vya simu. Kwanza nilikukasirikia wewe. Halafu nikamkasirikia baba. Mtu anakufukuza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, halafu anakuita kwa kunong'ona, haki iko wapi? Nina hasira mpaka sasa, sitakudanganya.

Lakini kaburi nimelitoa. Wenzangu wamenifokea, wanasema nimekiharibu kitabu. Nimewaambia bonde lile ni langu, litabaki na migomba tu, asiyetaka akajenge lake.

Sasa niambie baba yuko wapi. Upande gani wa nyumba, hatua ngapi kutoka mlangoni, msalaba unatazama wapi. Nitalijenga sawasawa, hata tofali moja halitakosea.

Mwanao,
Jovitus

*

Kanazi
1 Juni 2025

Mwanangu Jovitus,

Marahaba, mwanangu. Bibi anakusalimu, Anneth anakusalimu, mkimbiza kuku juzi jogoo alimgeukia, sasa hatoki nje. Happy anakusalimu, amenionyesha tena. Nimeona migomba mitupu. Nilikaa kwenye kigoda nikalia, lakini usidhani hasira zimekwisha, zipo, nazitunza mpaka nikuone.

Hatua ngapi! Sikuandikii hata moja. Nakujua. Ukishajua utajenga, ukishajenga utaridhika, ukisharidhika huji.

Nitakuambia hili tu. Sisi tulitaka kumlaza nyuma, ng'ambo ya migomba, walipo baba zake, bibi yako alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Baba yako akakataa. Akasema huko nyuma hataona nani anakuja. Mahali alichagua mwenyewe. Kwa hiyo ukishuka kwenye basi usimwulize mtu. Utafika kwake kabla hujafika kwangu.

Na mikono yako uje nayo. Pameota magugu mpaka magotini, watu wananisema, na nimemkataza kila mtu kuyang'oa.

Nijibu upesi, mwanangu, lori likigeuza tu Gaudence awe na karatasi yako, na bahasha uipige gundi. Niambie siku gani unakuja, maana maji ya kibuyu lazima yatekwe asubuhi ile ile.

Mama yako,
Domisiana