Babu Zangu Ulionihesabisha

Rafiki yangu Abdinoor,

Siku ya mazishi yako imamu aliuliza kama kuna mtu ana neno na marehemu, amsamehe. Watu wakaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe." Mimi nilikuwa palepale kaburini na koleo mkononi, tope la mvua za El Nino limenifika magotini, na mdomo wangu ukakataa. Nilikulilia, Wallahi. Lakini sikusamehe, na tangu siku hiyo nakaa na hasira juu ya mtu ambaye hawezi hata kunijibu.

Mengi yamebadilika. Barabara iliyokatika ukashindwa kufikishwa hospitali sasa inapitika. Habiba dada yako ameolewa, amepelekwa Hadado kwa mfanyabiashara wa ngamia. Chumba chetu cha nyuma ya soko, ulichoandika ukutani kwa chaki "Taaluma za Watu Weusi", kimefungwa, na popo wameshakihamia.

Nakumbuka ulivyorudi kutoka chuo kikuu cha ng'ambo. Wenzako walirudi na suti, wewe ukarudi na masanduku ya vitabu, mama yako akauliza kama huko watu hula karatasi. Jumamosi ya kwanza ya darasa lako tulikuwa watu wachache tu, walimu wa shule ya msingi kama mimi, makarani, na Habiba peke yake mbele. Ukatueleza taaluma ile inataka nini. Mtu mweusi ajijue bila kuazima macho ya mwingine. Historia yake aiandike mwenyewe. Elimu isibaki chuoni, irudi kwa waliokosa kiti darasani. Na zaidi ya yote, ukasema, tuvunje mizani ya kuwapima watu kwa rangi, kwa nywele, kwa nasaba.

Ukatusimulia habari za yule mama mwenye nyumba aliyekupangisha chumba kwa simu, kisha alipokuona uso akasema kimeshachukuliwa. "Hakuuliza mimi ni wa ukoo gani," ulisema. "Aliona mweusi, basi." Nilikupenda siku ile kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Somo la pili ulituambia kila mmoja ataje abtirsi yake, babu mmoja baada ya mwingine hadi mwanzo wa ukoo. Watoto wenu, ninyi wafugaji, hujua hayo kabla ya kujua kufunga viatu. Wenzangu walitiririka tu. Mimi, mtoto wa wakulima wa kando ya mto Tana, nilimfikia babu wa baba yangu nikakwama. Wale waliomtangulia walilima mashamba ya watu, wakaitwa kwa jina la ukoo uliowalinda, na majina yao wenyewe yakapotea. Darasa likacheka. Ukawanyamazisha. "Aliyenyang'anywa majina si mtu pungufu. Bakari ataanza kuandika kuanzia kwake." Nilitoka pale natembea nimeinua kichwa, kama mjinga.

Kwa maana niliyaamini hayo, Abdinoor. Ndiyo sababu Habiba aliponikubali nimwoe sikuogopa. Baba alinionya, "Mwanangu, damu ni nzito kuliko maji." Nikamjibu wewe si kama wengine, wewe umesoma. Mzee wa watu akavaa kanzu yake ya Idi, akachukua jirani yake, wakaja kwenu na posa. Baba yako alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo jibu lilikuwa lako.

Ami yako alitaka kutukatalia mlangoni. "Warya, wewe kijana, hawa watu ya mtoni natafuta nini hapa?" Wewe ukamtuliza, ukatuketisha kwenye mkeka, ukaagiza chai ya maziwa. Nikajua tumefika. Kisha ukanigeukia mbele ya baba yangu, na kwa sauti ileile ya darasani ukaniambia, "Bakari, taja babu zako."

Ulijua nitaishia wapi! Kati ya watu wenu mle ndani, wewe peke yako ndiye uliyejua. Nilitaja watatu nikanyamaza, na ami yako akacheka kile kicheko ulichowakataza wengine. Ukasema, "Wewe ni ndugu yangu, lakini mambo haya ni ya ukoo." Baba hakugusa chai. Njia nzima hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Ungekataa tu, ningeumia na kupona. Ungesema unawaogopa wazee wenu, ningekuelewa. Lakini wewe ulichukua aibu yangu niliyokuonyesha kwa kukuamini, ukaifanya kisu. Ukafa kabla hatujazungumza, na hilo pia naliona kama hila yako.

Juzi mama yako alinijia shuleni. Amekonda. Alisema, "Bakari, fijana kila siku nauliza darasa ya Abdinoor. Ufunguo ndio hii. Fundisha wewe." Nikamwambia nitachukua, ila kwanza nitawaeleza wote yaliyotokea nyumbani kwake. Alijivutia ushungi mdomoni, akaniwekea ufunguo kiganjani. Kisha akasema, "Sema. Mimi pia nakuja sikiliza."

Basi kwaheri, rafiki yangu. Mungu akupe nuru huko uliko; hilo nakuombea kila sala, hata nikiwa na hasira. Nakuahidi Jumamosi nitafungua chumba, nitafukuza popo, na nitafundisha yale malengo yote kama ulivyonifundisha, maana ni ya kweli hata kama yalikushinda. Kisha nitasimulia siku ya posa, bila kuficha jina lako wala langu, mama yako akiwa ameketi mbele yangu. Nikimaliza, nitajaribu kusema lile neno lililonishinda kaburini. Likikataa tena, nitajaribu Jumamosi itakayofuata.

Bakari