Bunduki Itakayonikaa

Voss, 28 Aprili 1996

Na hilo la bunduki, baba, ndilo nililotaka kukuambia pale uani siku tulipoondoka, ila Sjur alikuwa ameshawasha gari, na wewe ulikuwa umeshatupa mgongo kwenda kutazama kondoo, kama kawaida yako mtu akiaga.

Shikamoo, baba yangu. Hujambo? Mgongo je? Na lile jicho la kulia, ukungu umepungua au bado unajidanganya kwamba ni vumbi la majani makavu? Sisi huku ni wazima, ila tumechoka choka mbaya. Kondoo mia na ishirini wa baba mkwe wameamua kuzaa wiki moja, kama walioitana mkutano. Jana nilisinzia nimesimama, nimeegemea lango la zizi, na maziwa ya kopo yanamwagika kwenye buti langu. Lakini baba, nilipofumbua macho, Sjur alikuwa mbele yangu na kikombe cha kahawa, nywele zimejaa majani, ananitazama kana kwamba nimevaa shela. Wiki sita za ndoa, na bado akiingia mlangoni moyo unaruka kama wa mwizi! Usicheke. Najua unacheka.

Sasa nisikilize. Nimejiunga na chama cha walenga shabaha cha huku. Kila Jumapili tunapiga, wazee kwa vijana, kisha tunakula keki za pasi, zile nyembamba zinazookwa kati ya vyuma viwili, na jibini ya kahawia. Naazima bunduki ya chama, lakini kila anayeiazima anaiacha na vipimo vyake, na mimi naanza upya kila wiki. Nataka yangu. Fomu ya polisi ninayo hapa mezani, na mstari wa nne unauliza: bunduki ya aina gani?

Baba mkwe Aslak ananipa Krag ya babu yake, bunduki ya zamani ya jeshi. Nzuri ya kutazama, komeo la kusukumia risasi linateleza kama limepakwa siagi, ila inapiga bega kama punda. Dukani mjini ipo bunduki ya Mauza iliyotumika, nzito, mtutu mnene, nao wanasema uzito ni mzuri kwa shabaha maana haitikisiki. Tena kuna ile mpya ya Kijerumani, ya mbao zilizobandikwa matabaka, vijana wote wanaililia. Sjur ananiambia, “Chagua uipendayo, malkia wangu.” Sasa hilo ni jibu? Ndiyo maana nakuuliza wewe. Umelenga miaka thelathini. Niambie ipi.

Binti yako mwenye usingizi,
Gudveig

Setesdal, 6 Mei 1996

Mwanangu Gudveig,

Marahaba. Barua nimeipata. Mimi sijambo. Mgongo uko palepale. Kondoo wamezaa sabini na tatu, wanne wamekufa. Nyumba ni kubwa. Supu nikipika sufuria moja naila tangu Jumatatu mpaka Alhamisi, Ijumaa naichoka.

Jicho nimelipeleka kwa daktari. Anasema ni mtoto wa jicho, na nyuma yake kuna jambo jingine ambalo yeye mwenyewe halipendi. Msimu huu silengi. Usianze kulia.

Kuhusu bunduki: huna haja ya kuchagua. Utachukua yangu. Ilikuwa iwe yako siku zote. Unaijua. Kitako nilikichonga mwenyewe kwa mti wa birchi, majira ya baridi yale uliyozaliwa. Kwako ni kirefu, najua, mikono yako ni ya mama yako, Mungu amrehemu. Lakini kitako hukatwa. Kunja kiwiko, weka kitako kwenye mkunjo, kidole kikifika kwenye kifyatulio bila kunyoosha, hicho ndicho kipimo. Jipime na unitumie.

Hao wa dukani watakuuzia uzito na rangi. Bunduki ya shabaha haichaguliwi kwa macho. Lala nayo chini, fumba macho, tulia, kisha fumbua. Kama tundu la kulengea limekuja lenyewe mbele ya jicho, ni yako. Kama unalitafuta kwa shingo, si yako, hata ikiwa ya dhahabu.

Msalimie Sjur. Na Aslak mwulize hivi: mwaka 1971, mashindano ya Haukeli, risasi yake ya mwisho ilikwenda kwenye shabaha ya nani? Ilikuja kwangu. Nilimshukuru kwa alama kumi alizonizawadia. Hakucheka.

Kwenye mstari wa nne andika bunduki yangu. Mimi nitajaza upande wangu.

Baba

Voss, 19 Mei 1996

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimelia kuhusu jicho, ulikataza lakini nimelia, Sjur akanikumbatia mpaka nikamaliza. Nitakupigia simu kuhusu daktari. U hali gani leo? Unakula kitu kingine zaidi ya supu?

Huku kuzaa kumekwisha. Wote tunatembea kama watu waliotoka kuugua. Baba mkwe alilala mezani, uso kwenye sahani ya viazi. Lakini miti ya matofaa imechanua kote kando ya ziwa, na Sjur kanikatia tawi na kulipachika kwenye kofia yangu ya kazi, na mimi nimeivaa hivyo hivyo zizini siku nzima.

Barua yako nimekaa nayo siku nane. Kipimo sijakutumia, na sasa nakuambia kwa nini, maana sipendi kukuficha.

Jumapili iliyopita nililenga kwenye shabaha namba tatu. Mama Torbjørg, yule bibi anayefundisha, yuko nyuma yetu na darubini yake. Nikapiga risasi ya nane, nikainua kichwa, nikavuta komeo, nikarudi kulenga, nikapiga. Nikahisi kabisa kwamba ni kumi. Nasubiri. Kwangu kimya. Halafu yule anayekaa shimoni kuonyesha alama akainua fimbo yake yenye kibao cheupe mbele ya shabaha namba NNE. Kumi safi, katikati. Ya jirani!

Baba, walivyocheka! Mwenye namba nne akanipungia kofia: “Ahsante, bibi harusi, zawadi yetu ya harusi imerudi!” Na baba mkwe akasimama na keki mdomoni, akanyoosha mikono: “Karibu kwenye ukoo, mwanangu! Sasa umeolewa kweli!” Nikataka ardhi inimeze.

Mama Torbjørg hakucheka. Alipiga magoti kando yangu akauliza, “Nani alikufundisha kulala upande huu?”

Nikasema, “Baba yangu.”

“Wewe jicho lako la kulenga ni la kushoto. Nimekutazama wiki tatu. Unavuka kitako kwa shingo kama bata anayechungulia dirishani. Kila ukivuta komeo unapoteza namba yako, unaanza kuitafuta. Si ajabu umeikosa. Ajabu ni kwamba hujaikosa kila siku.”

Akaenda akaleta bunduki ya chama ya mkono wa kushoto. Komeo liko upande wa pili, baba. Sikujua hata kama zinatengenezwa. Nikalala, nikafumba macho kama ulivyoniandikia wewe, nikafumbua. Tundu lilikuwa pale. Lilikuja lenyewe. Nilipiga tano, na zote ungezifunika kwa kikombe cha kahawa.

Nililia palepale kwenye mkeka, mbele ya watu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, unakumbuka? Nililala upande wa kushoto na wewe ukanigeuza. Nikarudi, ukanigeuza. Ukanifunga leso kwenye jicho la kushoto majira yote ya joto. Sikulaumu, wallahi sikulaumu, ulikuwa unanipenda na ulikuwa unanifundisha. Lakini nilidhani miaka hii yote kwamba mimi ni mlengaji mbovu, binti mzito wa baba hodari. Na bunduki yako ina komeo la kulia.

Siwezi kuichukua, baba. Nimeandika sentensi hii mara tatu na kuichana. Niambie kwamba hujakasirika. Sjur anasema, “Mwambie tu, ni baba yako, si hakimu.” Yeye hakukujua mwaka ule.

Nijibu haraka.

Binti yako,
Gudveig

Voss, 9 Juni 1996

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Sina hakika, kwa sababu hujajibu. Wiki tatu. Simu uliinua mara moja, ukasema, “Niko na kondoo,” ukaikata. Baba, kondoo wako walishapanda mlimani. Najua tarehe.

Mvua haijakatika tangu Jumatatu. Nimechoka na matope, nimechoka kukamua soksi. Fomu ya polisi bado iko mezani, ina doa la jemu, mstari wa nne mtupu. Mama Torbjørg ameniambia Mauza ya mkono wa kushoto imepatikana kwa mjane mmoja wa Ulvik, mtutu mzuri, kitako kitakachonikaa kama glavu yangu mwenyewe, ila mjane hawezi kunisubiri mpaka vuli. Nikasema nitamjibu. Sijamjibu.

Jana tuligombana na Sjur, mara ya kwanza. Alinikuta nimekaa mbele ya fomu akasema, “Umeolewa na mimi au na bunduki ya baba yako?” Nikamwambia aende akalale na trekta lake. Akaenda kweli! Baada ya robo saa akarudi amelowa, na tawi jingine la matofaa, maua yote yameshapukutika, limebaki kijiti. “Ndilo pekee lililokuwepo,” akasema. Baba, nampenda mtu huyu mpaka naumwa meno.

Basi nimefikiri. Ukitaka, nitaichukua yako. Nitalala kulia na kuvuka shingo, nitakuwa wa pili kutoka mwisho mpaka nizeeke, na itakuwa bunduki uliyoichonga wewe. Naweza. Kuliko ukimya huu, naweza. Sema neno moja tu, ndiyo au hapana, na mimi nitajaza mstari wa nne.

Gudveig wako

Setesdal, 16 Juni 1996

Mwanangu,

Marahaba, na nisamehe. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako ya mwezi wa tano ilipofika, nilikuwa nimeshakata kitako. Sikusubiri kipimo. Nilikisia mikono ya mama yako, nikapima kwa koti lake lililo kabatini, nikakata vidole viwili, nikapiga msasa, nikapaka mafuta mara tano. Nilikuwa nimemaliza tabaka la tano nilipofungua bahasha. Nikairudisha bunduki kabatini na sikuweza kukuandikia. Haikuwa hasira juu yako. Kila nikishika kalamu namwona yule mtoto wa miaka kumi na moja anarudi kushoto, na mimi namgeuza.

Nilijua, Gudveig. Niliona siku ya kwanza kwamba jicho lako ni la kushoto. Lakini bunduki ilikuwa moja, na nilikuwa nimeshakichonga kitako chake nikisema kitakuwa cha mwanangu. Nikakulinganisha wewe na bunduki, badala ya kulinganisha bunduki na wewe. Halafu nikakaa miaka mingi nikiwaambia watu, “Binti yangu ana moyo, ila hana jicho.” Niliwaambia hivyo mbele yako.

Usichukue yangu. Jibu ni hapana. Kwangu sasa ni fupi, na jicho langu nalo basi, daktari amesema halitarudi. Åsne wa posta, mwenye kimo chako, aliijaribu Jumatano akapata alama arobaini na sita kati ya hamsini. Alinishukuru mpaka nikaona aibu. Nimempa aitunze. Kabati la bunduki limebaki na ufagio.

Ya mjane, itazame hivi kabla ya kuandika mstari wa nne. Chungulia mtutu kutoka upande wa komeo, uone mwanga wa duara bila madoa. Vuta komeo likiwa tupu mara ishirini, mkono usichoke. Kifyatulio kiachie ghafla kama kijiti kikavu kinavyovunjika, kisiburute. Kisha ipige mwenyewe, risasi kumi, usimwache Sjur akupigie. Mengine Torbjørg anayajua kuliko mimi. Mwambie nimesema hivyo.

Sitarajii kuiona. Nyasi za kukata zinakaribia na safari ni ndefu, tena sijui kama mwalimu wa namna yangu ana haki ya kusimama nyuma ya mtu anayelenga. Piga vizuri, mwanangu.

Baba

Voss, 21 Juni 1996

Baba yangu, baba yangu, baba yangu!

Shikamoo mara mia. Barua yako nimeisoma jikoni, nikaisoma zizini, nikamsomea Sjur, na Sjur akapenga kamasi na kusema ni vumbi la nyasi. Tumechoka sote hapa, baba mkwe anakohoa, mama mkwe kaungua kidole, lakini mimi leo ningebeba kondoo kila kwapa.

Mjane wa Ulvik nimemjibu. Mtutu ni mweupe duara zima. Komeo nimelivuta mara ishirini, nikaongeza kumi kwa furaha. Risasi kumi nimezipiga mwenyewe, na Sjur nilimfukuza akakae garini! Mstari wa nne nimeujaza, nimeipeleka fomu, doa la jemu na lenyewe. Kibali kitachelewa, polisi ni polisi, ila mjane ameniandikia karatasi ya kuniazima, kwa hiyo ninaweza kusafiri nayo.

Umesema hutarajii kuiona, na nyasi zinakaribia. Sawa. Nyasi tutakata sisi, Sjur ana mikono miwili na hajui kukataa. Tunakuja kwa basi la Haukeli. Nitalala kushoto kwenye uwanja wenu, mbele ya Åsne na wote uliowaambia sina jicho, na wewe utasimama nyuma yangu, karibu, useme kila unachokiona kwa hilo jicho lililobaki. Nikikosea, niambie. Nataka kusikia ukiniambia.

Usipike supu. Tutafika kabla mwezi huu haujaisha.

Binti yako,
Gudveig